Twin Peaks, 1990 hadi 2017: mwongozo kamili wa kuitazama na kuijadili

Wakikutana mashabiki watatu wa Twin Peaks, mabishano hayakosekani, na mara nyingi yanakwama kwa sababu nyepesi: hawakutazama kitu kimoja. Wa kwanza aliacha baada ya mwuaji kujulikana. Wa pili aliiruka filamu ya 1992 akidhani ni nyongeza tu. Wa tatu aliingilia msimu wa 2017 kwa sababu alisikia habari za ile sehemu ya bomu, kisha akaenda kumsikiliza mtu mwingine akimweleza maana yake. Wote wanataja jina moja, lakini kila mmoja ana tamthilia yake kichwani.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuitazama yote kwa mpangilio, peke yake au na kikundi, afike mwisho akiwa na hoja zake mwenyewe. Msimamo wangu nauweka mezani tangu sasa: hii ni hadithi ya Laura Palmer. Misitu, bundi, kahawa, ndoto na mapazia mekundu, vyote vinamzunguka msichana mmoja aliyeuawa. Nadharia inayoweza kusimama bila kumtaja Laura naiona ina kasoro, hata iwe imesukwa kwa ustadi gani.

Nusu ya kwanza haifichui siri yoyote. Nitakapofika mahali pa kumtaja mwuaji na kueleza mwisho, nitakuambia usimame.

Unachokwenda kutazama

Twin Peaks ilibuniwa na Mark Frost na David Lynch, ikaanza kurushwa na kituo cha ABC cha Marekani tarehe 8 Aprili 1990. Mwili wa Laura Palmer, mwanafunzi wa sekondari anayependwa na mji mzima, unakutwa ukingoni mwa maji umeviringishwa kwenye plastiki. Mpelelezi wa FBI, Dale Cooper, anayeigizwa na Kyle MacLachlan, anafika kuchunguza. Mji wenyewe ni wa kubuni, umewekwa katika jimbo la Washington karibu na mpaka wa Kanada, ila maporomoko ya maji unayoyaona mwanzoni ni ya kweli. Yako Snoqualmie, katika jimbo hilohilo.

Hesabu ya kazi yote ni hii. Msimu wa kwanza una vipindi 8. Wa pili una 22, nao uliisha tarehe 10 Juni 1991. Filamu iitwayo Fire Walk with Me ilitoka 1992, ina urefu wa dakika 134. Mwaka 2014 zikatolewa picha zilizokatwa kwenye filamu hiyo, takriban dakika 90, kwa jina The Missing Pieces. Kisha mwaka 2017 kituo cha Showtime kikarusha sehemu 18 mpya. Ukijumlisha unapata kama saa 46. Ukitenga saa nne na nusu hivi kwa wiki, utamaliza ndani ya miezi miwili na nusu, na mwendo huo unafaa. Ukiimaliza kwa wikiendi mbili utabaki na matukio tu, na huku matukio ndiyo sehemu ndogo ya utamu.

Hatua ya 1: pata nakala sahihi

Huduma za kutazama mtandaoni hubadilisha orodha zao mara kwa mara na hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo angalia kwanza kwako kuna nini kabla ya kulipia. Diski bado ni njia ya uhakika zaidi kwa anayeweza kuzipata, maana zina filamu na zile picha zilizokatwa pamoja.

Kuna mtego mmoja ambao nataka uukwepe. Kipindi cha kwanza kabisa kina matoleo mawili. Toleo la kimataifa lilitengenezewa soko la Ulaya, likaongezwa mwisho wa kufunga hadithi ili liuzwe kama filamu inayojitegemea. Humo mwuaji anaonyeshwa, tena kwa namna isiyolingana na tamthilia yenyewe. Kipindi cha televisheni kina kama dakika 94. Ukiona chako kinakaribia saa mbili, kiache, tafuta kingine.

Mengine ni ya kawaida lakini usiyapuuze. Tazama usiku au chumba chenye giza, hasa sehemu za 2017 ambazo zina weusi mwingi. Kwenye simu juani huoni kitu. Tumia spika nzuri au visikilizio vya masikioni. Lynch alishughulikia sauti kwa mkono wake mwenyewe, na yapo mambo yanayosemwa na mvumo wa umeme au upepo kabla mwigizaji hajafungua mdomo. Kama Kiingereza kinakupa shida, washa maandishi ya chini ya skrini.

Hatua ya 2: kipindi cha kwanza kitazame peke yake

Usiunganishe na cha pili usiku huohuo. Humu ndimo utakapoamua kama unamjali Laura, na ukikosa hilo, saa 45 zilizobaki zitakuwa mzigo.

Angalia jinsi habari ya kifo inavyosambaa. Mama yake, Sarah, anampigia simu mumewe Leland, aliyeko kazini hotelini. Wanazungumza, binti haonekani, na wakati huohuo gari la sherifu linasimama nje. Leland anamwona sherifu akija, anaelewa kabla hajaambiwa, simu inamtoka mkononi. Kamera inaufuata waya wa simu ukishuka polepole hadi kwenye mkono wa simu unaoning'inia, na kutoka humo unasikia kilio cha Sarah, aliyeelewa kwa kusikiliza tu. Hakuna aliyemwambia kwamba Laura amekufa. Kisha tunakwenda shuleni: kiti kitupu darasani, msichana anapita akikimbia uwanjani huku akipiga kelele, na rafiki yake Donna anakiangalia kile kiti na kuanza kulia.

Kwa televisheni ya wakati ule, mwili wa mapema ulikuwa kisingizio cha kuanzisha upelelezi. Hapa mji mzima unaomboleza, na maombolezo hayaishi kipindi kikiisha. Mbele utakutana na vichekesho, mapenzi ya wizi, biashara za siri na watu wa ajabu kama mama anayetembea na gogo mikononi, na utaanza kufurahi. Furahi. Ila shika kile kiti kitupu.

Muziki ni wa Angelo Badalamenti. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi wimbo wa Laura ulivyopatikana: Lynch ameketi kando yake, anamweleza kwa maneno msitu wa usiku, mwezi, kisha msichana mpweke anayetokea gizani, na Badalamenti anapiga kinanda kufuatana na maelezo hayo mpaka tuni ikakamilika. Sikiliza inavyopanda taratibu, ikafika kileleni, kisha ikarudi gizani ilikotoka.

Hatua ya 3: jifunze kutazama ndoto

Mwishoni mwa kipindi cha tatu Cooper anaota. Kuna chumba chenye mapazia mekundu, sakafu ya mistari ya pembepembe, mtu mfupi anayecheza dansi, na mwanamke anayefanana na Laura. Maneno yao yana lafudhi isiyo ya dunia hii. Waigizaji walijifunza kuyatamka kinyumenyume, wakarekodiwa, kisha picha ikageuzwa. Ndiyo maana kinachosikika ni Kiingereza na wakati huohuo si Kiingereza. Hata mienendo ya miili yao ina kasoro hiyohiyo, kama nguo iliyovaliwa ndani nje.

Ndoto hiyo ilitokana na picha zilizopigwa kwa ajili ya ule mwisho wa kimataifa. Picha zilizotengenezwa kutimiza sharti la biashara zikageuka moyo wa tamthilia.

Liweke hilo pamoja na habari ya Frank Silva. Huyu alikuwa mpambaji wa seti, kazi yake kupanga samani. Siku moja anahamisha vitu katika chumba cha Laura, Lynch akapata wazo la kumrekodi amechutama miguuni mwa kitanda, bila kujua picha hiyo ataitumia wapi. Baadaye wanapiga picha ya Sarah akiinuka kwa kilio, ikagundulika kwamba mtu ameonekana kwenye kioo. Alikuwa Silva. Badala ya kurudia, Lynch akaiacha, na hivyo akazaliwa BOB, kiumbe wa kutisha kuliko wote humu.

Nayasema haya kwa sababu ya mabishano yanayokuja. Shabiki akikuambia kila kitu kilipangwa tangu 1990, na kwamba kila kikombe cha kahawa ni alama, mkumbushe kile kioo. Watengenezaji hawa walikuwa wawindaji, walipokea kilichojitokeza. Maana ipo, tena nyingi, lakini haikukaa kwenye karatasi ya siri inayongoja mtu wa kuifungua.

Kwa vitendo: anzisha daftari. Kila baada ya kipindi andika mambo matatu uliyoyaona na kuyasikia hasa, bila tafsiri. Mfano: "taa ya chumba cha maiti inapepesa", si "taa inaashiria pepo". Daftari hilo litakufaa sana ukifika 2017.

Hatua ya 4: msimu wa pili, wapi ukaze mwendo

Vipindi saba vya mwanzo vya msimu wa pili ni vizuri mno, na cha saba, kilichorushwa tarehe 10 Novemba 1990, kinamfunua mwuaji katika tukio zito kuliko karibu yote niliyowahi kuyaona kwenye televisheni. Lynch alisema mara nyingi kwamba hakutaka fumbo hilo lijibiwe. Kituo kilishinikiza, watazamaji walikuwa wamechoka kusubiri, jibu likatoka.

Baada ya hapo chombo kinayumba. Tamthilia ilikuwa imehamishiwa Jumamosi usiku, na mwanzoni mwa 1991 habari za Vita vya Ghuba zikawa zinaingilia ratiba. Ndani yake nako kulipwaya: kijana James anakwenda kunaswa na mwanamke tajiri kwenye hadithi isiyomhusu mtu, mfanyabiashara Ben Horne anajidhani jenerali wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na kuna mtoto yatima anayedhaniwa ni shetani. Hapa ndipo watu wengi huacha.

Ushauri wangu: usiviruke vipindi hivi, ila vitazame viwiliviwili au vitatuvitatu, na usijilaumu mawazo yakihama. Humo ndani kuna mbegu za muhimu, hasa Meja Briggs na msitu, ambazo mwaka 2017 zitachipua. Kuanzia vipindi vitano vya mwisho kasi inarudi. Kile cha 22 kaa nacho usiku mmoja, taa zimezimwa. Lynch alirudi kukiongoza, na sehemu kubwa inapita ndani ya Chumba Chekundu. Humo Laura anamwambia Cooper kwamba wataonana tena baada ya miaka 25.

Katika vipindi 30 vya awali, Lynch aliongoza sita tu: cha kwanza na cha tatu katika msimu wa 1, kisha cha kwanza, cha pili, cha saba na cha 22 katika msimu wa 2. Ukirudia kutazama na muda ni mdogo, rudia hivyo.

Hatua ya 5: filamu, na onyo lake

Filamu ya Fire Walk with Me inasimulia siku saba za mwisho za Laura. Usianze nayo eti kwa sababu matukio yake yametangulia. Ilitengenezwa kwa mtu anayejua tayari kilichotokea, na uzito wake wote unatoka hapo: unajua, naye anakuja kujua, na huna la kufanya.

Ilionyeshwa Cannes Mei 1992, ikapokewa vibaya na wachambuzi wengi, na mauzo yake Marekani yakawa duni. Watu walitaka kahawa, pai na jibu la Cooper alikwama wapi. Walichopewa ni msichana anayeteseka, kwa karibu sana, na uigizaji wa Sheryl Lee, ndiye Laura, ambao leo unahesabiwa miongoni mwa bora wa muongo ule. Nami nawaunga mkono wanaosema hii ndiyo nguzo ya kazi nzima. Bila filamu hii, sehemu mbili za mwisho za 2017 hazina miguu.

Kabla ya kuionyesha kwenye kikundi, waambie wenzako waziwazi kwamba ina ukatili wa kingono ndani ya familia. Usimshitukize mtu. Wapo watakaochagua kutokuja, na hilo liheshimiwe bila maswali.

The Missing Pieces ifuate siku nyingine. Ni vipande tu, lakini utaona wakazi wengi wa mji waliokosekana kwenye filamu, na utampata David Bowie kwa muda mrefu zaidi akiwa mpelelezi Phillip Jeffries. Kumbuka jina hilo.

Hatua ya 6: pumzika, kisha ingia 2017

Waliotazama mwaka 1991 walisubiri miaka 26. Wewe subiri walau wiki mbili. Pengo ni sehemu ya hadithi. Sura za watu zimezeeka, na inafaa uwe umewakumbuka kidogo.

Marejeo yalitangazwa Oktoba 2014. Aprili 2015 Lynch alitangaza kujiondoa kwa sababu ya bajeti, waigizaji wakamtetea hadharani, na Mei akarudi. Yeye na Frost waliandika zote, naye akaongoza zote 18. Zilirushwa kuanzia 21 Mei hadi 3 Septemba 2017. Catherine Coulson, yule mama wa gogo, alipiga picha zake akiwa mgonjwa sana na akafariki Septemba 2015. Miguel Ferrer, anayemwigiza Albert, mpelelezi mwenzake Cooper, alifariki Januari 2017. Bowie alikwisha kufariki Januari 2016. Ukiona jina "kwa kumbukumbu ya" mwishoni mwa sehemu, usizime haraka.

Mpangilio ninaoupendekeza: sehemu ya 1 na 2 pamoja, ya 3 na 4 pamoja, kwani hata Showtime ilizitoa zote nne usiku wa kwanza. Kisha mbili kwa wiki. Ya 8 iwe peke yake. Ilipotoka tarehe 25 Juni, wiki iliyofuata hakukuwa na sehemu mpya, na watu walipata wiki mbili za kuitafakari. Jipe angalau siku tatu. Ya 17 na 18 zitazamwe usiku mmoja, kama zilivyorushwa.

Na mwendo? Ni wa polepole, kwa makusudi. Katika sehemu ya 7 mtu anafagia sakafu ya baa kwa zaidi ya dakika mbili, muziki unacheza, basi. Usishike rimoti. Wala usishike simu.

Hatua ya 7: kanuni za mjadala

Kila mtu aseme kwanza amefika wapi, na kikao kisivuke mpaka wa aliye nyuma. Kumharibia mtu uhondo wa kipindi cha saba ni dhuluma.

Mwenye hoja aseme ameona nini, wapi. "Sehemu ya 17, saa ya ukutani kwa sherifu inakwama kati ya 2:52 na 2:53" ni ushahidi. "Kila mtu anajua wamo ndotoni" si ushahidi.

Msimpe Lynch kila kitu. Frost ni mwandishi mwenza, na mambo mengi ya historia ya siri, serikali na viumbe wa kale yana mkono wake. Lynch alifariki Januari 2025 bila kueleza mwisho, na hata angali hai alikuwa akikataa kuulizwa maana. Frost ameandika vitabu viwili vinavyoizunguka tamthilia, cha 2016 na cha 2017, na hiki cha pili kinajibu baadhi ya maswali. Amueni mapema kama vitabu vitahesabika kwenye mjadala wenu. Mimi navihesabu kama ushahidi wa Frost peke yake.

Usilete tafsiri ya mtu wa mtandaoni kabla hujaeleza yako. Ukishaisikia sauti yenye uhakika ikizungumza kwa muda wa saa nne, huwezi tena kuona kwa macho yako.

Simama hapa kama hujamaliza zote 18. Yanayofuata yanataja kila kitu.

*BOB ni nani?* Swali hili lipo ndani ya tamthilia yenyewe. Baada ya Leland Palmer kufa, wanaume wanne wamesimama msituni: sherifu Truman hawezi kuamini kwamba kiumbe kilimwingia mtu; Cooper anamuuliza kama ni rahisi zaidi kuamini kwamba baba alimbaka na kumwua binti yake; Albert anapendekeza kwamba BOB ni jina tu la uovu wa wanadamu. Sisi tuliokulia kwenye habari za pepo na mashetani tunalipata jibu upesi mno: alipagawa, yamekwisha. Ninaomba usilikubali upesi hivyo. Ukisema pepo tu, Leland anatoka na mikono safi, na filamu ya 1992 inakataa jambo hilo kila dakika. Humo tunamwona Leland mwenyewe, akijua na kutojua. Ukisema Leland tu, unafuta nusu ya yale uliyoyaona. Kaeni kwenye ugumu huo.

*Je, Dougie alikuwa kupoteza muda?* Hili ndilo lililowagawa mashabiki mwaka 2017 kuliko lolote. Cooper anatoka Chumba Chekundu kupitia soketi ya umeme, anaingia kwenye maisha ya mtu wa bima huko Las Vegas aitwaye Dougie, na hadi sehemu ya 16 hawezi kusema zaidi ya kurudia maneno ya wengine. Waliochoka wana haki: walimsubiri shujaa wao miaka 26. Mimi niko upande mwingine. Mtu aliyefungiwa miaka 25 harudi kwa kupiga makofi. Na angalia kila anayekutana naye anavyobadilika kwa sababu tu kuna mtu asiyemdhuru. Anapoamka hatimaye, furaha ni kubwa, na kwa saa mbili zinazofuata ujasiri huohuo tulioulilia ndio unaoharibu mambo.

*Sehemu ya 8.* Jaribio la kwanza la bomu la atomiki, New Mexico, 16 Julai 1945. Kamera inaingia taratibu ndani ya wingu la mlipuko, muziki ni ule ambao mtunzi Penderecki aliutoa kwa wahanga wa Hiroshima, na ndani ya moto huo BOB anatapikwa duniani. Kisha mpira wa dhahabu wenye sura ya Laura unatumwa. Mashabiki wengi wanasoma hivi: uovu ulizaliwa 1945, na Laura akaumbwa kuwa dawa yake. Ni usomaji wenye nguvu, lakini una hatari. Ukimfanya Laura silaha iliyotumwa kutoka juu, mateso yake yanakuwa mpango, na mtu aliyelia kwenye filamu anageuka chombo. Jadilini hapo hasa. Mnaweza kuupokea mpira wa dhahabu kama jibu la huruma, mtu anayetunzwa na kupendwa kabla hajazaliwa, bila kuufanya mkakati.

*Filamu au televisheni?* Jarida la Cahiers du cinéma la Ufaransa liliiweka kuwa kazi bora ya 2017, na baadaye ya muongo mzima; Sight & Sound la Uingereza likaiweka ya pili mwaka huo. Watu wa televisheni walikasirika kwamba kazi yao inanyang'anywa. Mabishano haya sioni yanafika wapi. Ina sehemu 18, ilirushwa kila wiki, na kusubiri kulikuwa sehemu ya kuitazama.

*Ni ndoto?* Katika sehemu ya 14 Gordon Cole, anayeigizwa na Lynch mwenyewe, anaota anakutana na Monica Bellucci, naye anamuuliza ni nani anayeota. Katika ya 17 uso mkubwa wa Cooper unatanda juu ya picha na kusema tunaishi ndani ya ndoto. Kwa hiyo hoja ina msingi. Udhaifu wake ni kwamba inajibu kila kitu kwa mkupuo mmoja. Anayeishika naomba aulizwe: ikiwa ni ndoto, maumivu ya nani yanaotwa? Akijibu "ya Laura", mna mjadala. Akijibu "basi hakuna kilichotokea", mrudisheni kwenye waya wa simu. Wapo pia wanaosema yote inahusu televisheni yenyewe, na kijana wa sehemu ya 1 anayelipwa kulikodolea macho sanduku la kioo anawapa nguvu.

*Mwisho.* Cooper anarudi hadi usiku wa Laura kufa, anamshika mkono msituni, na kule ukingoni maji yanabaki bila mwili. Pete Martell anakwenda kuvua samaki bila kukuta kitu. Kisha Laura anatoweka kwa kilio. Katika sehemu ya 18 Cooper anamkuta Odessa, Texas, mwanamke mwenye sura ileile, jina lake Carrie Page. Wanasafiri kwa gari usiku kucha hadi nyumba ya akina Palmer. Aliyefungua mlango hamjui Sarah. Na mwigizaji huyo ndiye mwenye nyumba ile katika maisha ya kweli. Cooper anasimama barabarani, anauliza huu ni mwaka gani. Sauti ya Sarah inaita "Laura" kutoka mbali, Carrie anapiga ukelele, taa za nyumba zinazimika.

Kundi moja linasema huo ni ushindi: Laura amekumbuka, ukelele wake umeizima nyumba ya uovu uitwao Judy. Kundi jingine linasema Cooper ameshindwa kabisa. Mimi niko na hili la pili, kwa sababu ya filamu. Kule Laura alivaa pete akijua itamgharimu uhai, ili BOB asimwingie. Alikataa. Na mwishoni kabisa alikuwa Chumba Chekundu, Cooper kando yake, malaika mbele yake, akilia na kucheka kwa pamoja. Alikuwa amefika. Cooper, kwa mapenzi ya dhati na kwa ujasiri wa mpelelezi anayeamini kila kesi ina ufumbuzi, amemtoa kwenye amani hiyo na kumrudisha mlangoni kwa waliomwumiza. Ukelele ule nausikia kama wa mtu aliyerudishiwa kila kitu kwa mara moja.

Anayetaka kunipinga, na wapo wanaonipinga vizuri, ana silaha zake: zile taa zilizozimika, na ukweli kwamba mtu mzima aliyesahau jina lake hawezi kusemwa yuko salama.

Kwa hiyo kikao cha mwisho kiandaliwe hivi. Msitazame sehemu ya 18 tena kwanza. Anzeni na dakika 20 za mwisho za Fire Walk with Me, mwende nusu ya pili ya sehemu ya 17, halafu ya 18 nzima hadi majina yaishe, maana chini ya majina Laura bado anamnong'oneza Cooper sikioni. Kila mmoja aandike kwa sentensi moja anadhani amemwambia nini, karatasi zikusanywe, zisomwe kwa sauti bila majina ya walioandika. Mjadala uanzie hapo.